Rupia ya Mwaka wa Makabaka Watatu

Mwaka 1888 ufalme wa Buganda ulitawaliwa na makabaka watatu. Septemba Mwanga alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa Ziwa Viktoria. Kaka yake Kiweewa akashika enzi, lakini kabla ya Oktoba kwisha ndugu yao Kalema akamwondoa. Mwanga alirudi kudai kiti chake, na vita havikwisha hadi Februari 1890. Muda wote huo Buganda haikuwa na sarafu yake. Sokoni watu walilipana kwa kauri zilizotungwa kwenye nyuzi, mia kwa mia.

Mwaka huohuo wa 1888 ndio uliochongwa kwenye rupia ya fedha iliyopigwa Birmingham, katika karakana ya Heaton, kwa ajili ya Kampuni ya Uingereza iliyotawala Mombasa. Desemba 1890 mjumbe wa Kampuni hiyo, Frederick Lugard, alipiga kambi Buganda, kwenye kilima tunachokiita leo Old Kampala. Rupia hiyo ni adimu sasa, na ninataka kumsifu fundi aliyeichonga.

Ishike kwa ukingo, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Upande mmoja kuna taji na jua lenye miale. Upande wa pili, mizani. Kila mwale una mwanzo na mwisho wake, na hakuna uliomezwa na mwenzake. Anayechonga muhuri wa sarafu hufanya kazi kinyumenyume: panapotakiwa kuinuka kwenye fedha, yeye huchimba kwenye chuma, herufi ya kushoto huiweka kulia. Muhuri ukikamilika huchomwa motoni na kupozwa ghafla ili uwe mgumu, na ufa mmoja tu unaweza kuharibu kazi yote. Kisha kisahani kitupu cha fedha hubanwa kati ya mihuri miwili kwa nguvu nyingi, na fedha hutiririka kuingia kila kishimo. Akichimba kwa kina kupita kiasi, fedha haifiki chini na picha hutoka pungufu. Akichimba kidogo mno, taji hufutika baada ya kupita mikono michache.

Fundi hakutia jina lake. Karakana iliacha herufi moja tu, H. Uaminifu wake uko kwenye uzito: gramu 11.66, sawasawa na rupia ya India, sehemu 917 kati ya 1,000 zikiwa fedha halisi. Mfanyabiashara wa Mombasa aliyeipokea hakuhitaji kuijua Kampuni wala kuipenda.

Kwenye sarafu hiyo Kampuni iliandika kaulimbiu ya nuru na uhuru. Januari 1892 bunduki zake zililia Mengo, Buganda, na mwaka 1895 ikakabidhi utawala wake kwa serikali ya Uingereza. Ahadi ya wenye mamlaka ilivunjika. Ya fundi haikuvunjika, kwa sababu yeye aliahidi kile tu ambacho mkono wake uliweza kutimiza.

Ukibahatika kuipata, usiisugue kwa jivu wala kwa ndimu. Weusi wa miaka haujaidhuru. Msuguo ndio utakaofuta ncha za miale alizozihangaikia. Na ukitaka kujua kama fundi alisema kweli, huna haja ya shahidi: iweke kwenye mizani.