Mtazame Fundi Anapobandua

Ukitaka kumjua fundi bodi wa Bukoba au Muleba, usingoje siku ya rangi. Rangi huficha mengi. Nenda siku anayobandua mikanda ya Land Rover ya turubai, ile modeli ya 109 ya zamani iliyozoea kupanda Kamachumu na mikungu ya ndizi nyuma.

Mikanda yenyewe ni ile ya kijivu inayofunika ukingo wa juu wa bodi ya nyuma, pale turubai linapoanzia. Ni chuma kilichochovywa kwenye zinki, kikafungwa kwa ribiti juu ya alumini. Land Rover ilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndipo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Metali hizi hukaa pamoja vizuri pakiwa pakavu, na Bukoba si pakavu: mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Maji yakituama kati ya metali hizo, zinki huliwa kwanza; ikiisha, alumini huanza kuoza na kutoa unga mweupe. Fundi mzuri huutafuta unga huo kabla ya kugusa chombo chochote, kwa sababu palipo na unga ndipo bodi itakapochanika.

Anayeanza kwa tindo na nyundo, mnyang'anye gari lako. Tindo hung'oa kichwa cha ribiti pamoja na alumini inayokizunguka. Tundu la duara linakuwa umbo la yai, na ribiti mpya haitakaza hapo kamwe. Anayeijua kazi husukuma kwanza kile kipande cha msumari kilichobakia katikati ya ribiti, maana kikiachwa biti ya drili itateleza na kuchora bodi. Kisha huchukua biti yenye upana wa tundu lile lile na kuizungusha polepole mpaka kichwa kijitenge, kipande juu ya biti kama pete. Hapo huacha. Kilichobaki hugongwa kidogo, kikaangukia chini. Mimi husikiliza: drili ikiendelea kulia baada ya pete kutoka, tundu linapanuka.

Mkanda ulioganda hutolewa kwa kabari za mti, kidogo kidogo kutoka ncha moja. Bisibisi huacha makovu. Moto ni mbaya zaidi. Chuma kikipata moto hukuonya kwa wekundu, alumini haionyi. Huyeyuka karibu na nyuzi 660 bila kubadilika rangi, na muda mrefu kabla ya hapo imeshalegea. Niliwahi kuletewa ubavu uliochomwa hivyo: ukiubonyeza kwa kidole gumba unalia kama debe, na hakuna puti wala nyundo iliyourudishia ugumu wake.

Kazi ikiisha, omba mkanda ulazwe mezani. Uwe umenyooka, umeandikwa upande wake, kulia au kushoto. Kisha urudishe juu ya bodi bila kuufunga na upitishe ribiti mpya kwa vidole, tundu baada ya tundu. Iingie kwa kubana kidogo, isicheze. Ikipita matundu yote, mwambie fundi asafishe ule unga wote, apake rangi ya msingi pande zote mbili, na aikaushe kabisa kabla ya kufunga ribiti ya kwanza.