Pipa la 20W-50 Kwenye C220d

Wengi wenu mlikuwepo Jumamosi kwenye kile kituo cha mafuta kando ya barabara kuu hapa Nakuru, kwa hiyo nitasimulia kwa ufupi tu. Mercedes C220d, W205, injini ya OM651, imepandishwa juu, na mwenyewe yuko kwenye chumba chenye televisheni na kahawa ya bure. Kazi ya mkono ilikuwa safi: plagi ya sampu ilipata washa mpya, filta ikaingia na oringi zake, hakuna tone lililomwagika. Sifa hizo zinatosha. Kilichoharibu servisi nzima ni jibu la mwenye gari.

Kijana wa spana alimfuata humo ndani akamuuliza: aweke ile ya galoni, 5W-30, au ile ya pipa, 20W-50? Akaongeza ule wimbo wa siku zote, kwamba nchi hii ni ya joto na oili nzito ndiyo hushika injini. Mwenye gari aliuliza bei tu. Simu haikutoka sikioni. Aliitikia kwa kichwa. Pipa likasukumwa, pampu ikapigwa, lita 6.5 zikaingia.

Tuanze na huo wimbo wa joto. Namba iliyo mbele ya W inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi, na ya nyuma inaeleza ikiwa imepata moto. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Julai huku mtaani Milimani baridi hukaribia nyuzi 10. Joto gani hilo? Ukiwasha injini saa hiyo, 20W inajikokota. Inachelewa kufika kwenye turbo, inachelewa kufika kwenye kikazio cha mnyororo ambacho kinategemea presha ya oili hiyohiyo. Na mnyororo wa OM651 uko nyuma ya injini, upande wa gia. Ukianza kulia, fundi hana njia ya mkato ya kuufikia.

Bado unene ni kosa dogo. Kubwa ni majivu. Kwa injini hii Mercedes wanataka oili yenye idhini yao ya 229.51 au 229.52, jamaa ya ACEA C3, ambayo majivu yake hayazidi asilimia 0.8. Sababu ni DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi ya dizeli. Masizi yanayonaswa humo huchomwa gari likipata safari ya kutosha, lakini majivu yanayotokana na viungo vya oili hayachomeki. Yanabaki na kurundikana mpaka njia inaziba, taa inawaka, na gari linakata nguvu ukipanda kutoka Salgaa kuelekea Mau Summit, trela likiwa mgongoni.

Gari lenyewe halina safari. Milimani hadi Kenyatta Avenue, shule, soko, nyumbani. DPF ikijaribu kujisafisha, injini inazimwa kabla haijamaliza, na dizeli ya ziada iliyopulizwa kwa kazi hiyo hushukia kwenye sampu ikachanganyika na oili. Ndiyo maana sichoki kusema kwamba kilomita 25,000 za Ulaya kati ya servisi na servisi si zetu. Mwisho 10,000. Na wale wanaobandika kikaratasi cha tarehe ya kurudi kwenye kioo bila kuandika ni oili gani imeingia, hao nilishawachoka zamani. Kahawa ya bure nayo ndiyo kahawa ghali kuliko zote Nakuru.

Tulikuwa na watu zamani. Madereva wa Peugeot 504 za Nakuru–Nairobi walimsimamia fundi mpaka boneti ifungwe. 20W-50 iliwafaa kwa sababu injini zile hazikuwa na turbo wala DPF. Wimbo wa oili nzito ulitoka kwao, na ulipaswa kustaafu pamoja na magari yao. Na Joginder Singh, dereva wa mbio za magari mzaliwa wa Kericho? Mwaka 1965 alishinda Safari Rally na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshakimbizwa na wengine, yaani mtumba kama haya yenu ya Japani na Uingereza. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Lancer. Huyo alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Hawa wa WRC, mbio za ubingwa wa dunia, wanaokuja Naivasha tangu 2021 wana wahandisi wa kuwafikiria. Joginder alijifikiria mwenyewe.

Kwa hiyo nawe jifikirie: gereji huchaguliwa baada ya oili. Si lazima ufunge safari ya kilomita 160 hivi hadi Nairobi. Gereji ndogo ya Industrial Area inatosha ikikuletea galoni ambayo muhuri wake unakatwa mbele yako, nyuma ikiwa na maneno ya idhini ya Mercedes na namba yake, si zile sifa za "inafaa magari ya Ulaya" ambazo yeyote anaweza kujichapishia. Namba ya kibali cha KEBS, shirika la viwango, itume kwa SMS 20023, maana oili bandia nazo zina galoni za kupendeza. Filta itafutwe kwa namba ya chesisi. Wakikataa lolote kati ya hayo, washa gari uondoke, hata kama sakafu yao inang'aa.

Na huyu wa Jumamosi arudi akamwage, asingoje hata kilomita 1,000. Lita 6.5 na filta ni hasara ndogo mno ukiilinganisha na DPF mpya. Alama: kijana wa spana, saba kwa kumi, tatu amezipoteza kwa kuuza wimbo. Mwenye gari, mbili, na hizo ni za kukumbuka kwamba servisi imefika.