Uso na Viganja Viwili

Vijana wa Boyoma, yaani Kisangani, Kongo, wanaojifunza kuigiza siku hizi huanza na busu. Mimi huwatazama jioni kando ya mto, simu imeegemezwa jiwe, mvulana na msichana wamekumbatiana kabla mtazamaji hajajua ni akina nani. Vipaji wanavyo. Hawana mwalimu, na hilo linaniuma zaidi kwa kuwa wanawake wawili walioijua kazi hiyo kuliko wote walipita hapahapa, mmoja mwaka 1951, mwingine 1958, mji ukiitwa bado Stanleyville.

Wa kwanza ni Katharine Hepburn. John Huston alimleta pamoja na Humphrey Bogart kupiga The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ubundu, enzi hizo Ponthierville. Hadithi yenyewe ni ya koloni la Wajerumani Afrika Mashariki mwaka 1914, na manowari iliyomo ilitokana na ile Graf von Götzen ambayo watu wa Kigoma wanaijua kama Liemba. Bogart alipata Oscar. Mimi namrudia Hepburn. Siku za mwanzo alimwigiza Rose, dada wa mmisionari, kwa uso mzito mno. Huston akamwendea, akamwambia amfikirie Eleanor Roosevelt akiwatembelea askari waliojeruhiwa, tabasamu lake likiwa palepale. Hepburn alikuja kusema kwamba hakuwahi kupewa maelekezo mazuri kuliko hayo.

Basi utazame uso huo. Rose anamwaga mtoni pombe ya Charlie, mwenye mashua anayeigizwa na Bogart, chupa baada ya chupa, bila kupandisha sauti. Baadaye Charlie anashuka majini kuivuta mashua kwa kamba, anapanda akiwa amegandwa na ruba mwili mzima, anatetemeka; chumvi inatafutwa, ruba wanatolewa. Kisha anayatazama maji, maana mashua haijatoka kwenye matete. Anashuka tena, na Rose anamwangalia akishuka. Maji hayo yalikuwa ya tangi Uingereza, kwa kuwa mito yetu ilihofiwa kwa magonjwa, lakini macho ya Rose hayana tangi. Walikwisha kubusiana zamani, wala busu hilo silikumbuki kama ninavyokumbuka ile hatua ya kurudi majini.

Wa pili, Audrey Hepburn, hakuwa na udugu na wa kwanza. Fred Zinnemann alimleta kwa ajili ya The Nun's Story, iliyotoka mwaka 1959, na sehemu yake ilipigwa Yakusu, kwenye makazi ya wagonjwa wa ukoma. Vazi la utawa limemfunika nywele, shingo na umbo. Amebakiwa na uso na viganja viwili. Mbele yake yuko Peter Finch, daktari Fortunati, na kati yao kuna jambo ambalo hakuna anayethubutu kulitamka. Katika chumba cha upasuaji hata uso unafichwa, yanabaki macho. Anampa daktari kifaa, anainua macho, anayashusha. Nimewaona waigizaji wakilia kwa dakika nzima bila kunifikisha hapo.

Mwaka huohuo wa 1959 Marekani ilikuwa ikimshangilia Sandra Dee katika Gidget, na Doris Day na Rock Hudson katika Pillow Talk. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizosimamiwa kwa ukali tangu 1934, ziliwabana wote. Wengi walibanwa wakatoa michezo mikavu isiyo na ladha. Wachache waligeuza kubanwa huko kuwa ufundi, na ufundi huo ndio tuliouacha ufe. Kumbi nyingi za sinema za nchi hii zimegeuka makanisa. Filamu zinanunuliwa kwa kadi ya simu, zinatazamwa kwa kurukwarukwa, na mkono unaoshushwa polepole ndio wa kwanza kurukwa.

Watu wa Yakusu nao walisimama mbele ya kamera ya Zinnemann. Majina ya mabwana wa filamu yameandikwa vitabuni. Ya kwao sijayaona popote. Waliokuwa watoto mwaka 1958 wamevuka miaka sabini, na kila msimu wa mvua wanapungua. Walimwona Mzungu mmoja mwembamba aliyevalia kitawa akirudia tendo dogo mpaka likakaa sawa. Nani amekaa nao akawauliza alilifanyaje?