Uzito wa Rafu

Mtu akimpiga mwenzake teke sokoni Mugumu, atapelekwa polisi. Akimpiga teke hilo hilo uwanjani, ataonyeshwa kadi nyekundu, na pengine kamati itakaa kumhesabia mechi za kukosa. Ninachojiuliza ni hiki: kamati hiyo inapima nini, tendo au jeraha?

Waaustralia, katika mpira wao wenyewe, wana jedwali la kupimia. Kwanza huuliza kama mchezaji alitenda kwa uzembe au kwa kusudi. Kisha huipanga athari katika ngazi 4: ndogo, ya kati, kubwa na kubwa mno. Mpango huo una faida, maana adhabu haifuati kelele za mashabiki. Lakini hata kama wanaruhusiwa kutazama pia madhara ambayo yangeweza kutokea, jeraha lenyewe lina sauti kubwa. Wawili hurusha kiwiko kwa namna moja. Huyu amemvunja mtu taya, yule mtu wake ameinuka akajipangusa vumbi. Hapo bahati ndiyo hakimu.

Kwetu Tanzania, mwaka 2015, Juma Nyosso wa Mbeya City alifungiwa miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 2 kwa kumdhalilisha John Bocco wa Azam kwa kumgusa makalioni. Hakuna mfupa uliovunjika. Kilichopimwa ni tendo na fedheha yake, tena lilikuwa kosa la kurudia. Mimi naiunga mkono hukumu ile, kwa kuwa heshima nayo huumia.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo kamati hizi zote hazijalitosheleza. Wakurya wa Tarime na Serengeti wana baraza la jadi, iritongo, ambapo shauri husikilizwa mbele ya jamii. Katika mila za makabila yetu mengi, shauri la kuumizana haliishii kwenye kumwadhibu mkosaji. Huulizwa pia aliyeumia atapata nini.

Basi tuwe na mizani mbili. Adhabu ipimwe kwa nia na hatari ya tendo; fidia ipimwe kwa jeraha. Kijana wa timu ya mchangani Tarime akivunjwa mguu msimu wa kupanda, kumfungia mwenzake mechi 10 hakutamlimia shamba.