Sentimita Tatu za Fundi

Siti ya Honda CRF250L iko sentimita 87.5 kutoka ardhini. Mtu wa mita 1.60 akiipanda, hugusa ardhi kwa ncha za vidole vya mguu mmoja tu, na ule mwingine unaning'inia. Pikipiki ikienda, urefu huo haumsumbui. Tatizo huanza anaposimama: kwenye kokoto za mteremkoni, kwenye foleni, au nyuma pakiwa na mzigo. Chombo cha kilo 144 kikishaanza kulala upande, vidole vya mguu havikizuii.

Tanzania jambo hili si la wapenda mbio pekee. Kwa miaka mingi Honda XL na Yamaha DT, zote ndefu, zimewafikisha vijijini wahudumu wa afya, mabwana shamba na mabibi shamba. Mwaka 2022 serikali iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani. Pikipiki hutoka kiwandani na kimo kimoja, ila wanaokabidhiwa hawalingani vimo, na hapo ndipo fundi anapohitajika.

Fundi mzuri hakimbilii spana. Kama fundi cherehani, anaanza na mwili wa mteja: anamkalisha juu ya pikipiki akiwa na viatu vile vile atakavyoendeshea, msaidizi anashikilia kwa nyuma, kisha yeye anachuchumaa na kutazama visigino. Visigino vyote viwili si lazima viguse. Nusu ya mbele ya kila unyayo ikikaa vizuri chini, panatosha.

Mara nyingi siti ndiyo inayotoa nafuu ya kwanza. Watu wengi hudhani sponji hukatwa juu, kumbe mabega yake ya mbele ndiyo yanayotanua mapaja na kuiba urefu wa mguu. Yakichongwa taratibu, miguu hushuka wima, na makalio bado yana pa kukalia. Sponji ikipunguzwa mno juu, mwenye safari ndefu atailaumu kazi hiyo kabla hajafika nusu ya njia.

Pasipotosha, fundi anahamia nyuma. Chini ya pikipiki nyingi za aina hii kuna vyuma vifupi vinavyounganisha shokapu na fremu. Kwa pikipiki nyingi, vikibadilishwa kwa vingine virefu kwa milimita chache, siti hushuka sentimita mbili au tatu. Wapo wanaopendelea njia ya mkato ya kulegeza springi. Njia hiyo ni mbaya: nyuma hushuka kweli, lakini shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kucheza, na kila shimo hugonga hadi mwisho.

Ufundi wenyewe huonekana mbele. Nyuma ikishuka peke yake, miguu ya shokapu za mbele inalala zaidi, usukani unakuwa mzito na pikipiki inachelewa kukata kona. Mbele ikishushwa kupita nyuma, usukani unakuwa mwepesi mno, na kwenye mwendo wa kasi unaweza kuanza kutikisika. Kwa hiyo fundi analegeza vishikio viwili vinavyobana shokapu za mbele, anazipandisha kwa kipimo kinacholingana na kilichoshuka nyuma, anakaza, anapima tena kulia na kushoto. Milimita mbili za tofauti kati ya pande hizo hazikubaliki.

Wapo wanaosema mfupi ajifunze tu. Wana hoja. Dani Pedrosa, mwendeshaji wa mbio za pikipiki mwenye mita 1.60 hivi, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2003, 2004 na 2005. Kuteleza kwenye siti na kukanyagia mguu mmoja ni ujuzi ambao kila mwendeshaji anapaswa kuupata. Lakini Pedrosa alikuwa na mafundi wa kumshikilia kabla ya mbio. Bibi shamba aliye peke yake kwenye tope hana wa kumshikilia.

Pikipiki ikishashushwa, yanafuata madogo yanayosahaulika. Stendi ya pembeni sasa ni ndefu mno: pikipiki inasimama wima na upepo unaweza kuiangusha upande wa pili, kwa hiyo stendi inakatwa na kuchomelewa upya. Cheni inapimwa, taa inaelekezwa upya. Watu wawili wanakaa juu na kubonyeza hadi mwisho, fundi akichungulia kama tairi linagusa madigadi. Mteja anaambiwa wazi kwamba tumbo la injini limekaribia mawe.

Vyuma vya asili anakabidhiwa vikiwa kwenye mfuko, kwa sababu akishazoea anaweza kutaka kuirudisha pikipiki juu. Siku hiyo itabidi atafute na stendi nyingine.