Kamba Tatu Kifuani

Ukifika Ngombezi, nje kidogo ya mji wa Korogwe, jicho linakutana na mkonge. Mistari imenyooka mpaka inapoishia chini ya milima ya Usambara. Mmea huu si wa asili ya hapa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga. Tangu hapo watu wa huku wanaijua kamba kuanzia shina lake: jani linaingia kwenye mashine ya korona, singa zinatoka, zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota. Mahali ambapo kamba inajulikana hivyo, sweta iliyopandishwa kamba tatu kifuani haipiti bila kutazamwa. Mtazamaji akisogea karibu anakuta kwamba kamba zile ni za uzi wa pamba, na kwamba hakuna hata moja iliyosokotwa. Ni vitanzi vilivyobadilishana nafasi.

Nataka tuitazame kazi hiyo polepole, kwa sababu ni katika kazi ngumu kabisa za sindano mbili, na watu wengi wanaivaa bila kujua walichovaa.

Huenda msomaji wa pwani akauliza sweta Korogwe ya nini. Aje kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, alfajiri, saa ambayo wakata mkonge wanatoka majumbani. Au aambatane na mwanafunzi anayepanda gari kwenda Mombo, kisha kuimaliza barabara ya kona kona ya kilomita 30 na kitu mpaka Lushoto. Anaondoka kwenye joto la bondeni, anashukia kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, na ukungu unamsubiri stendi. Kwa safari kama hiyo, sweta ya sufu nzito inamchosha kabla hajafika Mombo, na ile ya uzi wa plastiki inayouzwa kila duka inalowa jasho mgongoni. Pamba inapitisha hewa bondeni na kutunza joto la wastani mlimani. Isitoshe, kondoo wetu wa nyanda za chini wana nywele fupi, hawana sufu ya kusokotwa. Pamba tunayo. Inalimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na hata mkoa wa Tanga umo katika kanda ya mashariki ya kilimo chake. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vya kusokotea uzi, vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu, ushahidi kwamba mikono ya pwani hii iligeuza pamba kuwa uzi karne nyingi kabla ya kiwanda cha kwanza.

Lakini pamba ina tabia yake, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Unywele wa sufu una mawimbi, ukiuvuta unarudi. Kwa hiyo sufu inasitiri makosa: kitanzi kilicholegea kinajivuta, kilichobana kinajiachia, na baada ya kufuliwa mara moja vyote vinafanana. Unywele wa pamba hauna mawimbi hayo. Ukiuvuta, unabaki ulipofikishwa. Kila kitanzi cha pamba kinatunza kumbukumbu ya mkono uliokifuma, kama mkono ulikuwa umetulia au ulikuwa na haraka. Safu iliyofumwa jioni ya uchovu itaonekana mpaka sweta inachakaa. Ndiyo maana ninasema sweta ya pamba yenye kamba na mikono ya raglani, yaani inayoanzia ukosini, ni mtihani mkubwa kuliko mwenzake wa sufu, na fundi anayeushinda ni fundi kamili.

Tumfuate fundi huyo kuanzia kwenye uzi. Uzi mpya wa pamba, laini, wa kufumia kwa mkono, si rahisi kupatikana katika miji midogo, lakini kwenye marundo ya mitumba masweta ya pamba yapo. Fundi mzoefu hayachagui kwa rangi kwanza. Anaigeuza nguo nje ndani na kuangalia maungio ya ubavuni. Kama vipande vilikatwa kwa mkasi na kushonwa ovaloku, anairudisha, kwa sababu kila safu imeshakatwa na atapata vipande vifupi visivyofaa. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake na kuungwa kwa mshono wa mnyororo, ameokota mali: akiupata mwisho sahihi wa uzi, mshono unaachia wote, na sweta inafumuka safu baada ya safu. Uzi unazungushwa kuwa vishada, unaoshwa, unaanikwa ukiwa umening'inizwa kitu kizito chini ili mikunjo iishe. Pamba haidhuriki kwa hilo. Ikilowa inazidi kuwa imara.

Kazi hii ya kufumua ili kufuma upya ina ukoo mrefu katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika kuhusu Waislamu wa Sofala waliosuka nguo nyeupe za pamba yao wenyewe. Walipotaka rangi, walichukua vitambaa vya buluu kutoka Cambay, Bara Hindi, wakavifumua, wakachanganya nyuzi zake na nyeupe zao, wakasuka nguo mpya. Anayefumua mtumba leo anafanya walichofanya wao: anaitazama nguo ya watu na kuona uzi wa nguo yake.

Sindano ni mbili, au moja yenye waya unaounganisha ncha zake ili kufuma mduara. Penye uhaba, spoku ya baiskeli iliyosuguliwa ncha hutosha kuwa sindano nyembamba, na kipande chake kifupi kinafaa kwa kazi ya kamba tutakayoiona.

Kabla ya lolote fundi anafuma kipande cha majaribio, anakifua, anakikausha, ndipo anakipima. Asiye fundi huona huku ni kupoteza muda. Kwa pamba, kipande kisichofuliwa hakisemi kweli, maana kikifuliwa kinatanuka au kufupika. Tuseme amepata vitanzi 20 na safu 28 katika sentimita 10. Namba hizo mbili zinaitawala kazi yote. Hakuna karatasi ya kukatia wala mkasi wa kurekebisha. Umbo la mwili litatoka kwenye hesabu.

Anaanzia shingoni na kushuka. Kwa shingo ya sentimita 44 anahitaji vitanzi 88: 30 vya mbele, 30 vya nyuma, 12 kwa kila mkono, na 4 vya mipaka inayotenganisha sehemu hizo. Baada ya ukosi anaongeza kitanzi kimoja kila upande wa kila mpaka, yaani 8, katika kila safu ya pili. Akifanya hivyo mara 26 amefuma safu 52, karibu sentimita 19, na vitanzi vimekuwa 296. Mipaka minne imeshuka kwa mshazari kutoka ukosini hadi kwapani, miwili mbele na miwili nyuma, na bega limejiumba bila mshono hata mmoja. Sasa anaviweka vitanzi vya mikono kando kwenye uzi, anaongeza 12 chini ya kila kwapa, na mwili unabaki na vitanzi 192. Gawanya kwa 2 upate mzunguko: sentimita 96 za kifua, sawasawa na mwenye nguo.

Mkono wa aina hii unahusishwa na Lord Raglan, jenerali wa Uingereza aliyekatwa mkono wa kulia kutokana na vita vya Waterloo mwaka 1815. Faida yake inaonekana mara mwili unapoanza kazi. Mshono wa kawaida huzunguka bega na kulibana pale pale mkono unapojikunja. Wa raglani unaliacha bega huru. Mtu anayeinua jembe, anayekata majani ya mkonge, anayejitwika ndoo, sweta yake haipandi kiunoni kila anapoinua mikono.

Turudi kwenye kamba. Fundi wetu amepanga tatu, kila moja ya vitanzi 6, zikitenganishwa, na kuzingirwa pembeni zote mbili, na vitanzi viwili viwili vya kinyume vinavyoonekana kama vimezama. Jumla ni vitanzi 26. Kila baada ya safu kadhaa, mara nyingi 8, anafika kwenye kamba na kufanya jambo ambalo mtazamaji hulipita bila kuliona: vitanzi 3 anavihamishia kwenye kile kipande kifupi cha spoku, anakiacha kining'inie mbele ya kazi, anafuma 3 vinavyofuata, kisha anarudi kuvifuma vile vilivyosubiri. Vitatu vimevipita vitatu vingine. Akikiweka kipande mbele, kamba inalalia kushoto. Akikiweka nyuma, inalalia kulia. Kamba ya pembeni kulia na ya pembeni kushoto anazielekeza kinyume, ili zote zitazame katikati na kifua kiwe na mizani.

Kamba ya mkonge inapata nguvu kwa kupingana: nyuzi zinasokotwa upande mmoja, kisha mafungu yake yanasokotwa upande wa pili, na kila msokoto unauzuia mwingine usifumuke. Kamba ya sweta haina mvutano huo. Nguvu yake ni kupishana tu, na mahali vitanzi vilipopishana kitambaa kinakuwa cha tabaka mbili. Ndiyo maana kifua chenye kamba kina joto kuliko mgongo uliofumwa wazi. Watu wa visiwa vya Aran, Ireland, waliofanya mtindo huu ujulikane duniani, waliufuma kwa sufu nene dhidi ya upepo wa Atlantiki. Kwa pamba laini unatoa unene wa kiasi, na mchoro wake unasomeka wazi zaidi, kwa kuwa pamba haina manyoya ya kufunika mistari.

Kupishana huko kuna gharama yake. Vitanzi vinapovukana vinakokota kitambaa pamoja. Vile 26, ambavyo vikifumwa wazi vingechukua sentimita 13, vinaweza kubaki 10 tu. Asiyejua anamaliza sweta inayobana kifuani na hajui ilipobania. Anayejua alishaliona hilo kwenye kipande cha majaribio, na alishaongeza vitanzi 6 chini ya ukosi, viwili kwenye mzizi wa kila kamba, mahali ambapo macho hayavioni. Mwili wake una vitanzi 198, na kifua kimebaki sentimita 96.

Na pamba, kwa kuwa haivutiki, inagoma pale hasa inapotakiwa kuvuka. Sufu ingenyooka kidogo kumpa fundi nafasi; pamba inakaza, inauma ncha za vidole, na nyuzi zake ndogo zinachanuka kwenye ncha ya sindano. Fundi anaijua dawa: safu inayotangulia kuvukisha anaifuma kwa mkono mwepesi, na baada ya kuvukisha anakaza vitanzi viwili vya pembeni ili pasitokee tundu. Mwepesi hapa, mzito pale, ndani ya safu moja, mara kwa mara, bila kitambaa kuonyesha kwamba mkono ulibadilika. Hiki ndicho ninachovutiwa nacho kuliko vyote, na hakuna kitabu kinachoweza kumpa mtu kipimo chake.

Hata kosa lina ufundi wake. Ikigundulika kwamba safu 20 nyuma kamba ililalia upande usio wake, hakuna sababu ya kufumua yote. Vinaachiwa vitanzi 6 peke yake, vinashuka kama ngazi mpaka kwenye kosa, vinavukishwa sawa, kisha vinapandishwa kimoja kimoja kwa kulabu hadi juu. Vitanzi vingine vyote vinabaki kwenye sindano vikisubiri.

Mwishoni sweta inaloweshwa, inakamuliwa kwa kubanwa ndani ya taulo, inalazwa kivulini juu ya mkeka na kunyooshwa kwa vipimo vyake. Haitundikwi kambani, kwa sababu pamba iliyolowa ni nzito na itajivuta yenyewe mpaka magotini. Mwenye nguo naye aambiwe hivyo: aikunje kabatini, asiitundike.

Sasa hesabu ya mwisho, ile ambayo wanunuzi hawaipigi. Sweta ya mtu mzima ya namna hii ina zaidi ya vitanzi 45,000. Mfumaji wa vitanzi 20 kwa dakika anahitaji zaidi ya saa 37 za sindano kwenda bila kusimama, bila kuhesabu kufumua uzi, kuosha, kupima na kupishanisha kamba. Anayeitaka kwa bei ya mtumba anaomba siku nyingi za mtu zitolewe bure.

Kwa hiyo ukiletewa sweta kama hii, huko Korogwe, Handeni au popote, usiulize bei kwanza. Igeuze nje ndani uone kama nyuzi zimefichwa vizuri. Fuata mshazari kutoka ukosini hadi kwapani uone kama kila ongezeko limeangukia mahali pake. Hesabu safu kati ya mvuko na mvuko katika kamba zote tatu. Inyooshe kidogo kifuani uone kama imeachiwa nafasi. Ukimaliza kukagua utakuwa umeshajua kazi iliyomo, na bei utakayotajiwa hutaiona kubwa. Ilipe yote, kisha mpelekee fundi mteja mwingine.