Koti nyeupe si programu: kuangalia tena filamu ya Dokta Mukwege



Juzi tulikuwa watu nane kwenye parsele moja hapa Kabondo. Umeme ulikuwa umerudi, tukaangalia tena filamu "L'Homme qui répare les femmes", ile ya Thierry Michel aliyoandika pamoja na Colette Braeckman, iliyotoka 2015. Filamu ilipoisha, mabishano yakaanza: juu ya nini mutu tunayemupenda hivi hakupata kura? Kwa hesabu ya CENI, uchaguzi wa Desemba 2023 ulimupatia Dokta Denis Mukwege karibu 0,2% tu. Nilirudi nyumbani na toleka, nikiwaza njia nzima. Haya njo mawazo yangu.

Kwanza tuseme ukweli: filamu ni nzuri. Serikali iliikataza Septemba 2015, kisha ikaiachilia, na watu wakaitafuta zaidi. Maisha yenyewe yanatosha kuijaza. Lemera, hospitali alimokuwa akifanya kazi, ilishambuliwa Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Akaanza upya Panzi, 1999. Oktoba 2012 watu wa silaha wakaingia kwake, mulinzi wake akauawa, yeye akaenda ngambo. Wanawake wa Kivu wakauza matunda na mboga ili wamulipie tikiti ya kurudi, na Januari 2013 akarudi Bukavu. Ile sehemu ya kurudi, mimi bado inanishinda. Machozi tu.

Lakini filamu iko na kosa moja, na kosa hilo limekuwa letu pia. Kamera inakaa sana kwenye mikono yake na maneno yake, na kazi ya kuongoza haipewi nafasi kubwa. Unatoka pale ukijua kwamba huyu ni mutu mwema. Haujui angefanya nini na bajeti ya provinsi, na balabala iliyokatika, na depite asiyemupenda. Alipotangaza Oktoba 2023 kwamba anataka kuwa rais, tulikuwa tungali ndani ya filamu. Hatukumuuliza maswali ya rais. Tulimupigia makofi kama munganga, kisha tukaenda kupigia wengine kura. Mama mumoja jirani yetu aliniambia wakati ule: "Dokta ni mutu muzuri, mwanangu. Lakini hapa kwetu nani iko anamusemea?" Nilicheka. Leo ninaona yule mama alielewa uchaguzi kunishinda.

Sisi watu wa agronomi tunajua hii jambo. Mbegu inaweza kuzaa muzuri sana kwenye stasioni Yangambi, udongo umepimwa, magugu yametolewa kwa wakati. Ipeleke kwa mukulima wa njia ya Ubundu, kule hakuna mbolea na mbuzi wanapita, utaona ukweli wake. Haimaanishi mbegu ni mbaya. Ni shamba lingine. Panzi ni kazi kubwa, lakini ni nyumba ambamo mukubwa akisema, watu wanatii. Politiki ni shamba la watu wasiotii.

Wengine waliniambia: "Afazali munganga kuliko hawa wanasiasa wetu." Wandugu, tusisahau haraka. Kisangani imekwisha kutawaliwa na mudokta. Juni 2000, wakati Rwanda na Uganda walipopigana siku sita ndani ya muji wetu, nusu ya vita ile ilikuwa na rafiki wake RCD-Goma, na mukubwa wa RCD-Goma alikuwa Émile Ilunga, munganga. Aliyemufuata mwaka ule ule, Adolphe Onusumba, naye munganga. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa na mabomu zaidi ya 6.600 yaliyoanguka. Mimi nilikuwa mutoto wa kubebwa mugongoni. Koti nyeupe haikuzuia hata bomu moja.

Sasa, haki yake tumupe. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010, inaandika pia mambo ya Kisangani. Wengi waliiacha kwenye kabati. Mukwege aliisema mbele ya dunia nzima Oslo, 2018, alipopokea Nobel, na hakunyamaza kisha pale. Tangu Februari 2022 mahakama ya La Haye inaitaka Uganda ilipe milioni 325 za dola, na Frivao, shirika la kulipa wahanga, iko na makao hapa kwetu. Kwa wenye kukatwa miguu wa muji huu, ile sauti ilikuwa na maana kuliko kampeni nyingi. Kwangu mimi, ile njo politiki yake ya kweli, na filamu iliiona vizuri kuliko sisi wapigaji kura.

Juu ya nini ninaandika haya yote? Juu kati yetu humu wengi wanajitayarisha kwa udepite wa provinsi. Katiba ya 2006 inaipa provinsi kazi za afya na za kilimo, na madepite wa provinsi njo wanachagua gavana. Watakuja na lisansi, na "Dokta" mbele ya jina, na picha nzuri. Tuwaheshimu. Kisha tuwaulize: umeongoza watu gani wasiokutegemea kwa mushahara? Pesa uliyoshika, hesabu yake iko wapi? Hapa Kabondo, nani anakusemea wakati haupo?

Na mimi mwenyewe, siku nikija na agronomi yangu kuomba kura, muniulize vile vile. Musinihurumie.